Mifuko Imefika Ubavuni

4 Februari

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini wewe na cherehani zako za hospitali hamjambo. Baba yuko safarini na lori, na Mama hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nazitoa mimi kwa niaba yake.

Mtihani nilimaliza, matokeo bado. Sasa nashinda na Mama chumba cha mbele. Yeye anakata na kushona, mimi namalizia vifungo, pindo na pasi. Mteja akiniuliza kitu namwangalia Mama anijibie. Juzi mmoja aliuliza kama mimi ni bubu. Nilipopata jibu alikuwa ameshavuka barabara.

Naandika kwa sababu simu ni ya Mama, na haya siwezi kuyasema akiwa amekaa karibu.

Ni kuhusu mdogo wangu Chiriku. Unakumbuka alivyokuwa mchaguzi tangu mdogo: wali mweupe usioguswa na mchuzi, mkate bila gamba, yai la kuchemsha lakini ule weupe tu. Mchuzi ukigusa punje mbili, sahani nzima imeharibika. Tulizoea, tukawa tunamtania. Lakini kabla shule hazijafungwa alikwamwa na mwiba wa samaki uliojificha ndani ya wali wa shule wakati wa chakula cha mchana. Mwalimu alimpiga mgongoni mpaka ukatoka. Alirudi nyumbani na macho mekundu, akasema yuko sawa.

Tangu hapo aliacha mkate. Kisha yai. Kisha wali, anasema hata punje moja inaweza kusimama kooni. Sasa ni uji mwepesi na chai ya maziwa, basi. Mama anasema anadeka, ataacha mwenyewe, na nisimtangazie mtoto wa watu mambo yake. Lakini hata kuongea amepunguza. Nyumba imekuwa kimya, na humu ndani aliyezoea kukaa kimya ni mimi peke yangu.

Nimeweka picha yake aliyopigwa siku ya kufungua shule. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Bibi Kimya

*

20 Februari

Mwanangu Bibi Kimya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu wa chumba cha ushonaji, wakacheka ile habari ya bubu mpaka mmoja akajichoma sindano. Usikasirike, wanakupenda bila kukujua. Mimi ni mzima ila miguu inavimba. Tumepewa mashuka ya wodi mbili kwa mkupuo, kama vile tuna mikono minne minne.

Mkono wa miwani yangu umevunjika, kwa hiyo picha nimeiona kwa ukungu. Lakini nimeona mtoto mzuri, na gauni la sare limemkaa sawasawa. Mtoto anayekonda nguo humpwaya, sivyo? Basi usiogope sana.

Huyo dawa yake ni ujanja. Piga yai moja, lichanganye kwenye uji ungali moto, koroga sana, asijue. Akishapata nguvu, hamu itarudi yenyewe. Usimwambie mama yako kwamba nimeingia jikoni kwake, ataninunia mwaka mzima.

Ukipata nafasi niandikie tena. Na ukiulizwa na mteja, jibu hata "ndiyo". Ni neno fupi, halimalizi ulimi.

Mama yako mdogo

*

2 Machi

Bibi Kimya,

Sina salamu ndefu leo. Kama yai hujaliweka, usiliweke.

Miwani imetengenezwa juzi, nikaitoa ile picha niitazame vizuri. Mwanangu, mifuko ya gauni imefika ubavuni. Mfuko wa sare hushonwa mbele, juu ya paja. Ya Chiriku iko pembeni kabisa, mikono yake inaifunika. Maana yake nguo imepunguzwa ubavuni, ikapunguzwa tena na tena, mpaka mbele hapakubaki kitambaa. Na marinda yamepangwa upya, yakapigwa pasi kwa subira ili alama za zamani zisionekane. Dada yangu namjua, hana subira hiyo ya pasi. Nani anapunguza?

Nilikwambia mtoto anayekonda nguo humpwaya. Nilisahau kwamba huyu ni mtoto wa fundi.

Muuguzi wa wodi ya watoto alikuja kuchukua mashuka, nikamweleza. Aliacha mashuka mezani akakaa. Ananiambia huko si kudeka, wala si wale wanaojinyima ili wawe wembamba. Wapo watoto ambao ladha, harufu au ulaini wa chakula huwatia kinyaa kweli kweli. Wengine hawasikii njaa kama sisi. Na wengine waliwahi kukwamwa, na woga ule haukutoka. Chiriku anaonekana ana la kwanza, na mwiba ukamwongezea la tatu. Amesema tusimdanganye kwa chakula, maana akigundua, kile kimoja anachokiamini nacho kitaondoka. Na tusimlazimishe. Apelekwe apimwe.

Nilimpigia mama yako jana. Nikauliza, "Chiriku hajambo?" Akasema, "Hajambo, anakula." Nikauliza, "Anakula nini?" Simu ikakatika. Nilipiga tena, haikupokelewa.

Nijibu upesi.

Mama yako mdogo

*

3 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, unisamehe mwandiko.

Barua yako ya kwanza ilifika. Nililiweka yai. Nilikoroga mpaka mimi mwenyewe sikuliona. Chiriku alitia kijiko kimoja mdomoni akasimama hapo hapo, hakumeza wala hakutema.

Mama akasema, "Meza basi."

Alitema kwenye kiganja, taratibu, kama anaogopa kuvunja kitu. "Mmeweka nini?"

"Hamna kitu," Mama akajibu, naye alikuwa hajui.

"Dada, mmeweka nini?"

Alituangalia mmoja baada ya mwingine. Tangu siku ile haugusi uji. Hata nikiupika mbele yake, maji, unga, basi, anautazama tu.

Halafu Baba alirudi. Unamjua Baba, si mkali, lakini yeye kila kitu ni gari: likigoma, unalitikisa. Akasema, "Mtoto gani atakufa njaa na sufuria limejaa? Msimpe kingine. Njaa yenyewe itamwambia ale." Akampakulia kama sisi. Chiriku alikaa mbele ya sahani mikono chini ya mapaja. Jioni ikaingia, sahani ile ile. Kesho yake sahani nyingine. Baba alianza kwa kutania, "Leo tutaona nani mbishi," akaishia kuzungukazunguka uani na kufungua boneti ambalo halikuwa na tatizo.

Asubuhi hii Chiriku alikwenda bombani kunawa uso, nikasikia ndoo inaanguka. Nilimkuta chini. Vidole vya baridi, kucha za bluu. Alifumbua macho akasema, "Usimwambie Baba, atafikiri nambishia."

Baba alikuwa ameshaondoka na mzigo. Mama alimbeba ndani, akampa chai ya maziwa yenye sukari, akanywa. Anakunywa chai tu. Kisha Mama alichukua gauni lake la sare akaliweka mbele yangu pamoja na pini. Naogopa, Mama Mdogo. Nalala naye kitanda kimoja nikiwa nimeweka mkono kifuani pake.

Kimya

*

12 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe mbili imenifikia leo. Zetu zilipishana njiani.

Uliuliza nani anapunguza. Ni mimi.

Mama huweka pini na mimi hushona. Mara ya kwanza alisema, "Wasimcheke shuleni." Mara ya pili hakusema sababu. Mimi nilikuwa najisifu moyoni kwamba hakuna atakayejua kama limeguswa. Mwalimu alimsifia Chiriku kwa usafi. Jirani akasema mtoto wenu anapendeza. Kila aliyeuliza tulimwonyesha gauni, na sisi wenyewe tukaliangalia gauni.

Leo nilijikaza nikamwambia Mama twende hospitali. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi hiyo tangu asubuhi huku natia vifungo. Mama hakugombeza, ingekuwa afadhali. Alisimamisha cherehani akasema, "Unajua watakachomfanya? Watamshikilia. Mmoja kichwa, mmoja miguu, wamfungue mdomo. Mwanangu hashikiliwi." Uso wake sijawahi kuuona hivyo. Nikauliza, "Mama, wewe uliwahi kulazwa?" Akawasha cherehani, akashona kipande, na sindano haikuwa na uzi.

Mama anajua nini ambacho mimi sijui?

Chiriku hajaenda shule wiki hii. Nywele zinabaki kwenye kitana. Jana alicheka mara moja, paka wa jirani alipoingia kwenye kapu la vitambaa, akaishiwa pumzi kwa kile kicheko kimoja.

Nisaidie.

Kimya

*

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Soma barua hii ukiwa peke yako.

Nilimwahidi dada yangu kwamba jambo hili halitatoka kinywani mwangu. Leo linatoka.

Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Mkate mkavu na maziwa, siku nenda rudi. Babu yako alikuwa na sheria yake: hutoki mezani mpaka sahani iwe nyeupe. Sisi wengine tulimaliza tukaenda kucheza, yeye alibaki na chakula kilichopoa mpaka giza linaingia. Mimi nilikuwa mdogo, naenea chini ya meza. Nilikuwa nanyoosha mkono, ananipitishia matonge, nammalizia. Ndiyo maana hadi leo yeye ni mwembamba na mimi nimekuwa hivi nilivyo. Tulikuwa tukilisema hilo kama utani.

Siku moja Babu aliinua kitambaa cha meza akanikuta. Akaita watu wawili wa kumsaidia. Hayo aliyokueleza mama yako, kichwa na miguu, hayakutokea hospitali. Yalitokea nyumbani kwetu, kwenye meza yetu. Alikwamwa. Nilidhani amekufa. Baada ya hapo Babu mwenyewe aliogopa, akamwacha, naye akaokoka kwa mkate wake na ukaidi wake. Ameapa kwamba mtoto wake hatashikiliwa na mtu. Kwa hiyo usimwone Mama kama asiyejali. Anamlinda mtoto dhidi ya meza ile. Ila yeye alibakiwa na mkate, na Chiriku hana hata mkate.

Nilimsomea muuguzi habari ya kuzimia na kucha za bluu. Akasema msingoje hata siku moja zaidi, moyo wa mtoto unaweza kuchoka. Akasema pia, mkimfikisha, elezeni kwamba amekaa muda mrefu bila chakula cha maana, kwa sababu mtu wa hivyo akirundikiwa chakula kingi ghafla anaweza kudhurika. Huanzwa kidogo kidogo, wakimpima damu. Na mama yake ataruhusiwa kukaa naye.

Sasa nisikilize. Nilipokufundisha kupunguza nguo nilikwambia nini? Kitambaa cha mtoto hakikatwi, kinakunjwa ndani, maana mtoto hukua. Najua hukukata.

Fumua mishono ile. Yote. Mvalishe. Usiseme neno ikiwa huwezi, nguo itasema.

Mama yako mdogo

*

29 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Tumelazwa. Nasema "tumelazwa" kwa sababu Mama halali nyumbani na mimi nashinda hapa.

Barua yako ilifika na mtu wa posta alipoondoka tu nilichukua kifumulio. Mama alikuwa amekwenda kununua uzi. Nilianza na mshono wa mwisho nikarudi nyuma. Kila mmoja niliukumbuka, huu tulishona siku ya mvua, huu siku ambayo Chiriku aliniimbia nikiwa kazini. Kitambaa kilichofichwa ndani kilikuwa bado kipya, rangi haijapauka, kimezunguka pande zote kama mistari. Nikakiona kiasi chake.

Asubuhi nilimvalisha. Liliteleza bega moja, likaning'inia kama limetundikwa msumarini. Mifuko ilirudi mbele mahali pake. Chiriku akajitazama, akasema, "Dada, hili la nani?"

Mama aliingia na chai. Aliiweka chini. Akapitisha mkono ubavuni, kati ya gauni na mtoto, ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Na kabla ya leo?"

"Mimi pia, Mama. Na wewe."

Nilidhani atanipiga. Alikaa sakafuni akamshika Chiriku miguu. Nikamwambia, "Hakuna atakayemshikilia. Tutakaa naye wote wawili." Alininyanyulia macho. "Nani kakwambia habari za kushikilia?" Halafu akajijibu mwenyewe, "Mama yako mdogo ana mdomo." Lakini alikuwa anatafuta viatu.

Hospitali daktari alimuuliza Mama, "Anakula?"

Mama akasema, "Anakula."

Naona lilimtoka tu, kwa mazoea. Chumba kilikuwa na watu, mlango wazi, wengine wanasubiri. Nikasema, "Hali. Tangu mwiba. Na amezimia." Daktari akanigeukia mimi, na mimi nikaendelea. Nilimweleza wali, yai, uji na yale uliyoniandikia kuhusu kutomrundikia chakula. Sijawahi kuongea na mtu mgeni muda mrefu hivyo. Nilipomaliza nilikuwa nimeshikilia mfuko wa gauni la Chiriku.

Moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno. Usiku wa kwanza walikuja kuutazama mara kwa mara, na kila walipoingia Mama alisimama. Waliomba ruhusa ya kupitisha mrija mwembamba puani. Mama akawa mweupe midomo. Muuguzi hakumgeukia Mama, alichuchumaa mbele ya Chiriku akamwonyesha mrija, akamwacha aushike, akamwambia, "Ukisema ngoja, nangoja." Chiriku alisema ngoja mara nyingi sana. Muuguzi alingoja zote. Hakuna aliyemshika ila Mama, mkono tu.

Baba amepiga simu kutoka njiani. Nilimsimulia. Nikasikia anazima injini, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuwa ananibishia?"

Bado naogopa. Daktari anasema bado ni mapema kusema lolote.

Kimya

*

15 Aprili

Bibi Kimya,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimempa muuguzi wetu aisome, akaniomba nikwambie umefanya vizuri. Akaongeza kwamba njia ni ndefu. Kuna siku Chiriku atajaribu kitu, kesho yake atakikataa, msimkemee na msimpigie makofi kama mwanasiasa. Chakula anachokiamini kiwepo mezani daima, na kipya kiwe kidogo tu pembeni, akiguse, akinuse, akiache akitaka.

Mama yako amenipigia. Hatukuongea lolote la maana. Alisema, "Una mdomo." Nikasema, "Ninao, na ulishiba matonge yako." Akacheka, kisha akalia, kisha akasema salio linakwisha.

Hizo sauti za "ndiyo" nilizokuomba, naona ulikuwa unaziweka akiba.

Mama yako mdogo

*

8 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Matokeo yalishatoka, nilifaulu, nitakueleza mwishoni nikikumbuka.

Tuko nyumbani. Kila wiki tunampeleka kupimwa na kukaa na mama mmoja wa hospitali anayemfundisha kuongea na woga wake. Mrija ulitoka zamani. Uji umerudi, ameanza kuupika mwenyewe, haturuhusiwi kukaribia sufuria. Wali umerudi, ukiwa laini sana. Mkate bila gamba umerudi wiki iliyopita. Samaki haguswi, na hatumtaji. Baba akirudi safari anakula naye mkate mkavu, anajidai ndicho anachokipenda.

Mama alitaka kumshonea sare ndogo. Chiriku akakataa. "Nataka hili hili. Nitalifikia." Kwa hiyo analivaa hivyo hivyo, limebanwa na pini kubwa mgongoni. Pini tumeisogeza nje mara moja. Mara nyingine alikonda tena, tukairudisha ndani.

Jana jioni tulikuwa chumba cha mbele wote. Mama anakata kitambaa, mimi kwenye pasi, Chiriku anasimulia habari ndefu ya mwenzake wa darasani huku ana kipande cha mkate mkononi. Katikati ya habari akakohoa.

Akakohoa tena.

Mkasi wa Mama ukaanguka. Mimi niliinua pasi nikabaki nayo hewani. Uso wake ulikuwa mwekundu, mkono uko kooni, na macho yake yalikuwa yale ya siku ya mwiba. Hatukusogea. Tulikuwa tumefundishwa kwamba akiwa anakohoa hewa inapita, tumwache akohoe, tusimrukie. Sijui tuliwezaje.

Alichukua kikombe, akanywa maji. Akavuta pumzi moja, nyingine. Akautazama ule mkate kwa muda mrefu, Mama Mdogo, mrefu kuliko barua hii.

Kisha akatuangalia. "Mbona mnanitolea macho? Nimekohoa tu. Basi, mwenzangu akamwambia mwalimu..."

Na akauma tena.

Mwanao,
Kimya